Arosto Ikishaisha

Mwili uliozoea heroini hauchelewi kudai. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, makamasi yanachuruzika, miayo haikatiki, tumbo linasokota, na mifupa inauma hata godoro linakuwa adhabu. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Baada ya hapo ukali unashuka, na kwa watu wengi, wiki moja au siku kumi zikipita, hali hiyo ambayo vijana wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wanaiita arosto huwa imekwisha.

Hapo familia hushusha pumzi. Mama anampikia mwanawe pilau, mjomba anaahidi mtaji wa biashara, wazee wanaitwa kusoma dua. Miezi miwili baadaye kijana anaonekana maskani, kijiwe cha watumiaji, na nyumba nzima inajiuliza ilikosea wapi. Mara nyingi haikukosea lolote katika ile wiki ya mateso. Ila kila mtu alimalizia nguvu zake kwenye wiki hiyo, ilhali kupona kunategemea yanayofuata: kijana analala wapi, anapita njia gani, pesa yake inashikwa na nani, hamu ikimshika anamwambia nani, na dawa yake ya hospitali ataipataje kesho.

Mambo hayo ni madogo, wala hayana uzito wa kiapo kilichotolewa mbele ya wazazi. Lakini anayeyapanga mapema, wakati akili imetulia, anapata msaada ambao kiapo hakiwezi kumpa saa ile hamu inapomjia.

Watafiti waliowafuatilia watu 1,162 mjini Chicago kwa miaka 8, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007, walikuta kwamba kati ya waliokuwa hawajatimiza mwaka mmoja bila kutumia, ni kama theluthi moja tu waliobaki hivyo mwaka uliofuata. Waliokwisha kukaa mwaka 1 hadi 3, walibaki asilimia 66. Waliovuka miaka 3, asilimia 86. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ndio wenye hatari kubwa kuliko yote, na kila mwaka unaoongezeka unampa mtu nafasi nzuri zaidi.

Kuna takwimu nyingine inayofaa kujulikana kwenye kila nyumba yenye mraibu. Mwaka 2000 madaktari na wataalamu wanne wa Marekani waliulinganisha uraibu na magonjwa ya kudumu kama kisukari, presha na pumu. Waliandika kwamba asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia kutumia ndani ya mwaka, na kwamba wagonjwa wa presha na pumu nao huzidiwa tena kwa viwango visivyo tofauti sana, hasa wanapoacha dawa au ushauri waliopewa. Mzee wa presha akiacha vidonge na presha ikapanda, hakuna anayemfukuza nyumbani. Anarudishwa kliniki. Kijana wa unga akiteleza mara moja, vitu vyake vinatupwa nje.

Kwamba mahali anapoishi mtu pana nguvu juu yake, ushahidi wake mkubwa ulitoka vitani. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa na hofu ilipobainika kwamba askari wengi walioko Vietnam walikuwa wakivuta heroini. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia waliorudi nyumbani mwezi Septemba mwaka huo. Karibu mmoja katika kila watano alisema amekuwa mraibu akiwa Vietnam. Wengi walitarajia miji ya Marekani ijae wagonjwa. Haikuwa hivyo. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu kule walirudia uraibu, na hata baada ya miaka 3 ilikuwa asilimia 12.

Askari wale waliacha nyuma yao kambi, hofu ya vita, wauzaji na wenzao wa kuvuta, wakaingia kwenye miji ambako hakuna kona iliyowakumbusha heroini. Kijana wa Temeke, Dar es Salaam, hana bahati hiyo. Anatoka kwenye matibabu na kurudi mtaa uleule, chumba kilekile, dirisha lilelile linalotazama kichochoro alichokuwa akinunulia. Ubongo umeshafunzwa: harufu ya kiberiti, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, sauti ya rafiki fulani, hata noti mkononi saa za jioni, vyote vinaweza kuamsha hamu kabla mtu hajafikiri lolote.

Ndiyo maana kubadilisha njia ni tiba. Anayeweza kuhamia kwa shangazi Morogoro kwa miezi kadhaa na ahame, mradi shangazi ajue anampokea nani na dawa zipatikane huko. Asiyeweza kuhama anaweza kuteremka kituo kimoja kabla au kimoja baada, kununua vocha duka jingine, kubadili laini ya simu na kuwapa namba mpya watu anaowataka tu. Mshahara au posho inaweza kuingia kwenye simu ya dada kwa makubaliano ya wazi, na kila siku dada akatoa pesa ya nauli na chakula. Hili la pesa huwaudhi wengi, kwa sababu mtu mzima hapendi kuonekana mtoto. Linafaa pale tu mwenyewe anapoliomba, na linapokuwa na mwisho unaojulikana. Likilazimishwa na kaka mkubwa kwa vitisho, linageuka ugomvi, na ugomvi nao ni njia ya kurudi kwenye unga.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alitumia miaka mingi kuwauliza watu walioacha ulevi, sigara au heroini kisha wakarudia: ilikuwaje? Karibu robo tatu ya majibu yaliangukia kwenye mambo matatu: huzuni, hasira au upweke; ugomvi na mtu wa karibu; na kushawishiwa na wenzao. Alichokieleza vizuri kuliko wote, katika kitabu alichokitoa na Judith Gordon mwaka 1985, ni jinsi mtu anavyojisogeza kwenye hatari kwa maamuzi yasiyoonekana kuwa na uhusiano wowote na dawa. Chukua mfano wa kijana aliyemaliza miezi minne bila kutumia. Jumamosi anaamua kwenda kumsalimia bibi, jambo jema. Anaamua kupita njia ya nyuma kwa sababu jua kali. Anaamua kubeba pesa zote alizolipwa, asije akapitia dukani akakosa. Njia ya nyuma inapita maskani. Akifika pale, maamuzi matatu ya kawaida yameshafanya kazi yao, na lililobaki ni la nne, gumu kuliko yote, analolifanya peke yake huku pesa zikiwa mfukoni.

Ukimwuliza jioni atasema alizidiwa ghafla. Hakuzidiwa ghafla, alianza kuzidiwa asubuhi. Mshauri mzuri humsaidia kuirudia siku nzima hatua kwa hatua, bila kumkaripia, mpaka aone ni wapi kubadilisha njia kulikuwa rahisi. Bibi angeweza kusalimiwa asubuhi, akiwa na mdogo wake, na nauli tu.

Wanaohudhuria vikundi vya kusaidiana wana desturi ya kujikagua ambayo haihitaji elimu wala fedha. Hamu ikipanda, mtu anajiuliza: nina njaa? Nina hasira? Niko mpweke? Nimechoka? Mara nyingi moja kati ya hayo lina jibu la papo hapo, sahani ya wali au saa mbili za usingizi. Hamu yenyewe ina tabia ya kupanda, kufika kilele, kisha kushuka, na mara nyingi ni dakika tu, si masaa. Mtu aliyeshaamua tangu jana kwamba ikipanda atampigia fulani, kisha atatembea hadi msikitini au uwanja wa mpira, ana cha kufanya katika dakika hizo.

Vikundi hivyo vina historia ndefu. Alcoholics Anonymous ilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, na Narcotics Anonymous ikafuata California mwaka 1953. Zanzibar, soba hausi, yaani nyumba za kuwalea wanaoacha unga, zilianza kufunguliwa mwaka 2009, nyingi zikiendeshwa na watu ambao wenyewe walikuwa waraibu, na hatua kumi na mbili za vikundi hivyo zimekuwa sehemu ya ratiba yao. Malindi na Watamu, Kenya, shirika la Omari Project limekuwa likiwahudumia waraibu wa heroini tangu miaka ya 1990. Nguvu ya nyumba hizi ni kwamba mgeni anapokelewa na mtu aliyelala kwenye baraza zilezile alizolala yeye. Kijana aliyezoea kuitwa teja na mwizi anamwona mwenzake wa zamani akiwa na funguo za nyumba na daftari la mahesabu, naye anaanza kuamini kwamba inawezekana.

Lakini soba hausi ina mlango, na siku ya kutoka itafika. Aliyekaa humo miezi minne amekaa mbali na pesa, simu na mtaa, na vyote hivyo vitamrudia siku moja. Nyumba zinazofanya kazi vizuri humrudisha polepole: kwanza ruhusa ya mchana, kisha usiku mmoja nyumbani, kisha anaendelea kuhudhuria mikutano akiwa tayari anaishi kwao. Familia inayomtafutia mwanawe nafasi ingefaa iulize kuhusu hili kabla ya kuuliza bei. Na iulize pia kama mgonjwa hufungwa, kupigwa au kunyimwa dawa za magonjwa mengine. Penye hayo, hapafai, hata pawe na sifa gani mtaani.

Dawa ndiyo mada inayozua ubishi mkubwa zaidi. Methadoni ilitengenezwa na wakemia wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Mwaka 1965 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo ya kuwapa waraibu wa heroini dozi moja kila siku. Heroini huisha mwilini upesi, kwa hiyo mtumiaji anakimbizana nayo mara tatu nne kwa siku, na maisha yake yote yanageuka kutafuta pesa ya kete inayofuata. Dozi sahihi ya methadoni hukaa siku nzima, haimpi mtu aliyeizoea ule ulevi wa ghafla, na inazuia arosto. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na baadaye Temeke, kisha mikoa mingine. Zanzibar ilianza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mwaka uliofuata huduma ikafika Malindi, kisha Kisauni, Mombasa.

Lawama inayosikika mara nyingi ni kwamba huku ni kutoa unga mtaani na kuuleta hospitalini. Ni lawama ya watu walioumia, na inastahili kujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti kutoka nchi mbalimbali. Kwa kila watu 1,000 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, walikufa 11.3 wakiwa kwenye methadoni, na 36.1 wakiwa wameiacha. Tofauti hiyo ni watoto walioendelea kuwa na baba, na mama waliosalimika na msiba. Kwa hiyo swali la "utaacha lini dawa yako?", ambalo jamaa huliuliza kwa nia njema, lina hatari ndani yake. Wapo wanaopunguza dozi na kumaliza vizuri, wakiwa chini ya daktari, baada ya maisha kutulia. Kuacha ghafla ili kumfurahisha baba mkwe ni jambo jingine kabisa.

Anayetumia methadoni ana maamuzi mengine ambayo hayaonekani kwa jirani. Rifampisini, dawa inayotibu kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kama efavirenzi, huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza kusikia arosto asubuhi, anadhani imani yake imepungua, na anarudi maskani kutafuta nafuu. Kumbe alihitaji dozi iongezwe. Aliyeanzishiwa dawa mpya yoyote, popote pale, aitaje kliniki ya methadoni siku hiyohiyo.

Hatari nyingine iko kwenye pombe na vidonge vya usingizi kama valiamu, ambavyo wengine huvitumia wakidai wameacha unga. Vikichanganywa na methadoni au heroini vinapunguza pumzi, mpaka pumzi yenyewe inakoma usingizini. Na anayetaka kuacha pombe aliyoinywa kila siku kwa miaka asifanye hivyo peke yake chumbani: kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo, jambo ambalo arosto ya heroini, kwa ukali wake wote, hulisababisha kwa nadra. Aanzie hospitali.

Familia nyingi hazijawahi kuelezwa kwamba aliyekaa muda bila heroini yuko kwenye hatari kubwa ya kufa akirudia. Mwili umepoteza uzoefu, na kipimo kilichokuwa cha kawaida kinakuwa cha kuua. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia wafungwa zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani. Katika wiki mbili za kwanza, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidiwa na dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine. Anayetoka gerezani, wodini au soba hausi aambiwe hili waziwazi, na wanaoishi naye waambiwe pia. Akikutwa hashtuki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, maziwa hayamsaidii, maji ya chumvi hayamsaidii, wala kumwagiwa maji ya baridi. Alazwe ubavu, njia ya hewa iwe wazi, apelekwe hospitali mbio, na ukweli usemwe kuhusu alichotumia ili apewe nalokisoni, dawa inayorudisha pumzi.

Na kama ameteleza na yuko hai? Marlatt aliona kwamba kinachoamua kama kosa moja litageuka anguko ni namna mtu anavyolielezea. Anayesema "nimeshaharibu, basi tena" anamaliza wiki akitumia. Anayesema "jana ilinishinda, leo asubuhi niko kliniki" mara nyingi anarudi kwenye njia. Kwa hiyo inafaa kupanga mapema, mtu akiwa mzima na mwenye furaha, kwamba ikitokea nitamwambia nani ndani ya saa 24, na huyo aliyechaguliwa aahidi kwamba hatapiga kelele.

Wanawake wana mzigo wao. Kwenye kliniki na soba hausi nyingi za mwambao wao ni wachache, si kwa sababu hawatumii, bali kwa sababu wanaficha zaidi, wanaogopa kunyang'anywa watoto, na nyumba za kuwapokea ni chache. Wengi wana mume au mpenzi anayetumia, ambaye ndiye anayeleta kete nyumbani. Kumwambia mwanamke huyo abadilishe marafiki hakutoshi, kwa kuwa rafiki anayehusika ni baba wa watoto wake. Penye uwezekano, wawili hao waingizwe matibabu pamoja. Pasipo na uwezekano, anahitaji mahali pa kulala na watoto wake kabla ya ushauri wowote.

Mwanamuziki Rehema Chalamila, anayejulikana kama Ray C, alipojitokeza hadharani mwishoni mwa 2012 kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kugharamia matibabu yake, Watanzania wengi walimsikia kwa mara ya kwanza mwanamke maarufu akilitaja jambo hili kwa jina lake. Ujasiri wake uliwapa familia nyingi ruhusa ya kulizungumza.

Inabaki kazi na nauli. Wagonjwa wa Dar es Salaam wamekuwa wakieleza mara kwa mara kwamba kinachowatoa kwenye methadoni ni safari ya kila siku: daladala mbili kwenda, mbili kurudi, foleni, na tajiri anayetaka wafike gereji saa moja asubuhi. Ilikuwa sababu nzuri ya kuzisogeza kliniki karibu na wanakoishi watu. Nchi nyingi humruhusu mgonjwa aliyetulia kubeba dozi za siku kadhaa nyumbani, kwa uangalizi, na kadiri ruhusa hiyo inavyopanuliwa Tanzania ndivyo wengi zaidi watakavyoweza kushika ajira. Waajiri nao wanaweza kufanya jambo ambalo haliwagharimu sana: kumruhusu fundi au kuli wao aanze kazi saa tatu, na siri yake kuitunza. Msikiti, kanisa na serikali ya mtaa huwa na vibarua vya kutoa kila wiki. Aliyetimiza miezi mitatu kliniki akipewa kimojawapo, na malipo yakapita kwa mtu aliyemchagua mwenyewe, anaamka kesho akiwa na pa kwenda kabla maskani haijafunguka.